Wifi Alinifungia Mlango, Ndoo Ikitoa Moshi

Wifi yangu alinitazama machoni... akavuta mlango... akanifungia komeo kwa nje!

Kla! Nililisikia kwa masikio yangu haya mawili.

Wakati huo nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya chumba changu cha kufulia, nakohoa mpaka machozi yanachuruzika. Mbele yangu kulikuwa na ndoo inatokota bila moto, inatoa moshi wa manjano unaoelekea kijani.

"Wifi! Fungua! Nakufa!"

Nikasikia ndala zake. Hazikuwa zinarudi. Zilikuwa zinakimbia kuelekea uani.

Jamani, niliwaza kitu kimoja tu: huyu mwanamke anataka mwanangu.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo.

Mimi ni dobi. Nafulia nyumbani, na mteja wangu mkubwa ni zahanati ya mtaani kwetu, wodi ya wazazi. Shuka zinazotoka kule hali yake mnaijua, sina haja ya kuwachafulia chakula. Miaka yote nilikuwa nategemea jiki. Naloweka, nasuuza, naanika, basi.

Sasa ukaingia ugonjwa wa kuhara. Ndani ya wiki moja jiki ikapotea madukani kote. Mwenye duka akikuona unakuja, anatikisa kichwa kabla hujafungua mdomo.

Sista wa zahanati akanishika mkono.

"Dobi, shuka zikirudi na vijidudu, vichanga wangu hawa ndiyo basi tena. Nakutegemea wewe."

Nilirudi nyumbani na hofu. Maana hata mimi nina wangu, Kibonge, mwaka mmoja na nusu, anayetembea kama mlevi na kutia kila kitu mdomoni. Kila nikitazama lile rundo la shuka chafu, nilimwona Kibonge amelazwa, dripu mkononi.

Ndiyo maana nilimwita fundi seremala akaweka komeo nje ya mlango wa chumba cha kufulia. Ule mlango umepinda, usipoufunga komeo unajifungua wenyewe taratibu. Nikatoa amri nyumba nzima: kila anayepita hapo, komeo! Mtoto asiingie kwenye madawa.

Likumbukeni hilo komeo.

Sasa njoo kwa wifi. Ni mdogo wa mume wangu, alihamia kwetu miezi mitatu nyuma. Aliwahi kusomea mambo ya maabara, akaishia njiani. Mpole, mchapakazi, hana neno na mtu.

Kosa lake lilikuwa moja. Kibonge alianza kumwita "mama."

Mimi mwenyewe niliyebeba mimba, ananiita "dobi," kama wateja!

Iliniuma. Ikawa kila anachosema wifi, mimi nakipinga.

"Wifi," akaniambia siku ile tulipokosa jiki, "si tuchemshe tu? Maji yachemke kwelikweli, shuka zikae humo, sabuni ya kutosha, halafu jua kali na pasi ya moto. Inatosha kabisa."

"Kuchemsha? Kama viazi?"

"Ndiyo, kama viazi."

"Wewe uliyeishia njiani ndiyo unifundishe kazi niliyoifanya miaka kumi na miwili?"

Akambeba Kibonge, akatoka nje.

Kesho yake asubuhi, simu ikalia. Meseji kwenye grupu la kina mama. Ilisema hivi: jiki yako imebaki kidogo? Usihofu! Changanya na siki na dawa ya choo, ziba madirisha ili dawa isipotee, nguvu inakuwa mara tatu!

Nilifurahi kupita kiasi. Kwenye chupa yangu ilikuwa imebaki ya kufunika kitako cha chupa tu.

Hata sijainuka kitini, nikaanza kuisambaza. Grupu la ukoo. Grupu la majirani. Hadi kwa mama yangu mzazi, anayeishi mtaa wa pili. Na ili watu waamini, juu yake niliandika kwa mkono wangu:

"Mimi ni dobi. Nimejaribu mwenyewe, inafanya kazi."

Nilikuwa sijajaribu.

Nikaenda kumringishia wifi.

"Ona, wenzako wenye akili wanachanganya. Hata mama nimemtumia, kasema anasafishia choo chake saa sita, akitoka sokoni."

Wifi alisoma. Uso ukambadilika.

"Wifi, usi..."

"Kampe mtoto uji!"

Nikaingia chumba changu cha kufulia. Dirisha nikalijaza taulo. Nikamimina kimoja, nikamimina cha pili, nikamimina cha tatu...

Ikachemka, shiii!

Pumzi ya kwanza ilinichoma pua. Ya pili sikuimaliza. Koo lilijifunga kama mtu kanikaba kwa mikono. Nikajaribu kusimama, nikateleza, magoti chini. Mlango ukafunguka nusu, nikaona uso wa wifi.

Nikamnyooshea mkono.

Akanifungia.

Nilipiga mlango mpaka vidole vikakosa nguvu. Kitu cha mwisho ninachokumbuka ni baridi ya sakafu shavuni, na kujiuliza nani atamlaza Kibonge mchana.

Nilizindukia zahanati, nilikoletwa na majirani. Mdomoni nimewekewa oksijeni, kifua kinawaka moto. Mume wangu kakaa pembeni, macho yamemvimba.

Na miguuni pa kitanda... wifi! Kasimama, kajifunika mdomo na khanga, macho mekundu.

Nilivuta ile oksijeni pembeni.

"Alinifungia," nikanong'ona.

"Nani?"

Nikanyoosha kidole.

Mume wangu akasimama taratibu. Sijawahi kumwona na sura ile.

"Ni kweli umemfungia mke wangu mlango?"

Wifi akaitikia kwa kichwa... ndiyo!

Hakukataa! Hakusema hata neno moja. Akaanza kuchezesha vidole hewani, kama mtu anayeandika, huku anakohoa na kuonyesha saa ya ukutani.

"Hata kujitetea unashindwa? Unanifanyia maigizo?"

Wifi akamshika shati. Akaonyesha saa tena.

"Toka! Toka nisikuone!"

Wifi alinitazama mara moja. Kisha akatoka mbio.

Nitawaambia ukweli wangu, maana sina cha kuficha tena. Nilifurahi. Nikasema moyoni, leo nyumba yangu imerudi.

Haikupita hata robo saa, akaingia jirani yetu, fundi cherehani, kambeba Kibonge. Mtoto mzima, anatafuna utepe wa kupimia nguo.

"Chukueni mtoto wenu. Wifi yako kanipitishia juu ya ukuta, akarudi ndani mbio."

"Kurudi ndani kufanya nini?" mume wangu akauliza.

"Kumtoa mkeo! Kwani mlidhani nani kamtoa? Kamburuta kwa kwapa mpaka uani, moshi wote umempata yeye. Alipotoka hakuwa na sauti hata ya kuomba maji."

Nikahisi kitanda kinazunguka.

"Lakini alinifungia..."

Fundi akaingiza mkono mfukoni, akatoa kiatu. Kiatu kidogo cha Kibonge, cha mguu wa kushoto.

"Hiki nimekikuta kimebanwa chini ya mlango wako wa kufulia, nilipoenda kufungua madirisha."

Mguu wa kushoto wa Kibonge ulikuwa mtupu.

Alikuwa pale! Mwanangu alikuwa mlangoni, nyuma ya miguu ya shangazi yake, anakuja kwangu! Wifi alikuwa na sekunde moja. Akiacha mlango wazi, moshi unamfuata mtoto. Akiuvuta bila komeo, unajifungua. Basi akafunga, akamtoa mtoto kwanza, akarudi kunitoa mimi.

Komeo lilikuwa langu, na amri ilikuwa yangu.

Kabla sijalia, sista akaingia, jasho linamtoka.

"Hivi leo watu mnachanganya nini? Wa pili huyu naletewa, naye kifua kimembana. Namuuliza, anasema kafuata meseji ya dobi. Dobi gani?"

Mume wangu akanigeukia.

Mimi sikumtazama. Nilikuwa natazama saa ya ukutani, ile aliyokuwa anaonyesha wifi.

Saa sita na dakika tano.

"Mama!" Nilijaribu kupiga kelele, ikatoka sauti ya mluzi. "Mpigie mama! Anachanganya saa sita!"

Akapiga. Ikaita... ikaita... ikakata.

Akapiga tena. Ikaita mpaka mwisho.

Jamani, hofu naijua sasa. Ile ya kule chumbani ilikuwa ndogo. Kule nilikuwa nakufa mimi. Hapa nilimwona mama yangu kwenye kile choo chake kidogo, kaziba dirisha kwa sababu mwanaye dobi kamwambia azibe, kaamini kwa sababu mwanaye kasema amejaribu.

Mara ya tatu. Hakuna.

Nikaanza kung'oa ile oksijeni mdomoni, nataka kushuka kitandani. Sista kanishika huku, fundi kule. Kibonge analia.

Simu ikaita.

"Ni mama yako," mume wangu akasema. Akaweka sauti kubwa.

"Baba Kibonge! Huyu dada yako kapatwa na nini? Kaingia hapa peku, anahema, hana salamu! Kanipokonya ndoo ya jiki, kaimwaga uani. Kanipokonya na dawa ya choo, nilikuwa ndiyo kwanza nafungua kizibo! Namuuliza hanijibu! Sasa nimeshika ufagio hapa..."

"Mama, usimpige!" Sauti yangu haikufika hata mlangoni. Mume wangu akairudia kwa ajili yangu. "Usimpige, mama, tafadhali!"

"Nisimpige? Kachukua mkaa jikoni kaniandikia ukuta mzima! Ukuta niliopaka rangi juzi!"

"Kaandika nini, mama?"

Tukamsikia anasogea. Mama husoma polepole.

"Usi... usichanganye. Mwanao... yuko hai."

"Sijaelewa. Mwanangu yuko hai? Kwani alikuwa amekufa?"

Nililia mpaka sista akanirudishia oksijeni kwa nguvu. Mume wangu alikaa chini sakafuni, kashika kichwa. Yule tuliyemfukuza hakwenda kulia popote. Alikuwa anaomba kalamu, tukamnyima, basi akaenda kwa miguu yake na kifua kile kibovu kumwokoa mama wa mtu aliyemnyooshea kidole.

Wifi alikaa siku tisa bila sauti. Siku zote tisa nilimwomba msamaha, naye ananipigapiga begani kama ninavyombembeleza Kibonge.

Siku ya kumi asubuhi, nilikuwa uani nimeinamia sufuria kubwa, shuka za zahanati zinatokota ndani. Nikasikia sauti nyuma yangu, imekwaruza kama redio mbovu.

"Wifi... viazi vyako vimechemka."

Tulicheka huku tunalia.

Kibonge bado anamwita mama. Nimeacha kumkosoa.

Ndugu zangu, jiki ikiadimika dunia haijaisha. Nguo na shuka, chemsha vizuri, fua kwa sabuni, anika juani, piga pasi. Sakafu na meza, maji ya moto na sabuni, na usugue kweli. Hujui la kufanya, muulize nesi. Lakini jiki usiichanganye na kitu kingine chochote isipokuwa maji baridi, hata akikwambia nani.

Ile meseji nimeifuta kila nilipoweza, na nimemwomba radhi kila niliyemtumia. Ila jana imenirudia kutoka kwa namba nisiyoijua. Imeshazunguka huko, imerudi, na juu yake maneno bado yapo vilevile: "Mimi ni dobi. Nimejaribu mwenyewe, inafanya kazi."

Ikikufikia, ujue dobi huyo ni mimi, na nilidanganya.