Dawa Iliyosomewa

Zuleha alikuwa mtoto asiyejua kutulia. Mama yake, Kuruthumu, akimtuma ziwani kuchota maji kabla ya shule, atapita kwanza kwa wanaoanika dagaa, achungulie mitumbwi iliyoingia, aulize nani kapata na nani kakosa, ndipo akumbuke ndoo. Pale kijijini Katonga habari ilikuwa haijawa habari mpaka Zuleha aibebe.

Wakati huo habari kubwa ilikuwa kipindupindu. Watu walikuwa wanaugua vijiji vya jirani, kwa hiyo kila asubuhi mhudumu wa afya, Bi Marcelina, alisimama ufukweni pamoja na mgeni kutoka Denmaki aitwaye Annika. Ukishachota maji, Annika anakutilia dawa kwenye ndoo ili iue vijidudu. Akina mama walikuwa wameshazoea.

Asubuhi moja Zuleha aliwahi kuliko kawaida. Akamkuta Annika peke yake mchangani, ameketi juu ya mkeka, miguu ameikunja, macho ameyafumba, chupa ya dawa iko mbele yake. Midomo ilikuwa inacheza. Zuleha akajibanza nyuma ya mtumbwi, akatega sikio, asisikie kitu. Angesubiri kidogo angeuliza, lakini kusubiri ndiko kulikomshinda. Akatoka mbio, ndoo tupu mkononi.

"Yule mzungu anaisomea dawa," akamwambia mama wa kwanza aliyekutana naye. "Nimemwona kwa macho yangu. Anaisomea kwanza, halafu ndiyo anatutilia."

Sasa neno dawa nalo lina mambo yake. Ipo dawa ya hospitali na ipo dawa ya mganga, na dawa ikishasomewa, nani ataiita tena ya hospitali? Maneno yakaenea soko zima. Mmoja akaongeza kwamba mgeni huyo hata samaki hali, bila shaka anajua alichokitia ziwani. Akina mama wakaanza kumkwepa. Kuruthumu naye, kwa kumwamini binti yake, akawa anapeleka maji nyumbani vilevile yalivyotoka ziwani. Zuleha akatembea kifua mbele.

Haikupita wiki, mdogo wake Gharib akaanza kutapika na kuharisha maji matupu. Macho yakaingia ndani. Kuruthumu akamfunga mgongoni, wakakimbilia kituo cha afya kwa bodaboda. Huko Gharib akatundikiwa dripu, na walimkuta Annika na Bi Marcelina wakisaidia kupiga deki wodini.

Zuleha hakuweza kukaa. Aliketi, akasimama, akatoka nje, akarudi kutazama dripu inavyodondoka. Gharib hakuitika alipoitwa. Zuleha alijua kabisa kwamba mdogo wake akifa, kilichomuua ni mdomo wa dada yake. Mwishowe akamwendea Annika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Zuleha."

"Siku ile ulikuwa unaisomea nini dawa?"

Annika akaweka dekio chini. "Siisomei dawa. Mimi ni Mbudha. Dini yetu ilitoka Asia, kwetu ni ngeni, hata bibi yangu hakuijua. Hekalu hatuna, tunakodi ukumbi wa shule. Wengi wetu tulikuja tukitaka utulivu tu: uketi, moyo upoe, urudi zako nyumbani. Mwalimu wetu, mtawa aliyekimbia vita Vietnamu, akatuambia kuketi bila kuinuka kumsaidia anayeumia ni kazi nusu. Basi siku hizi tukimaliza kuketi tunakwenda kuwaona wafungwa, tunawapikia wasio na makazi. Mimi ni fundi wa maji, nikaja huku."

"Na samaki?"

"Niliahidi kutoua, ndiyo maana siwali. Ziwa lenu halina ubaya."

"Na midomo ilikuwa inasema nini?"

"Nilikuwa nawataja watu wa kwenye foleni na watoto wao. Kuruthumu awe salama. Gharib awe salama. Zuleha awe salama. Halafu nainuka, natia dawa."

Zuleha akalia. Kuruthumu, aliyesikia yote kutoka kitandani kwa mwanawe, hakumgombeza. Hilo lilimuuma Zuleha zaidi.

Jioni Gharib akafumbua macho, akaomba maji. Muuguzi akasema hatari imepita.

Kesho yake Zuleha aliwahi ufukweni bila kutumwa. Akina mama walipokusanyika na ndoo zao, akasimama mbele yao.

"Sikusikia anasoma chochote," akasema. "Niliona midomo tu, mengine niliyatunga. Mdogo wangu nusura afe."

"Umetuponza, mtoto wewe," mama mmoja akasema kwa hasira. "Sisi sote tuna watoto nyumbani."

Ndipo Kuruthumu, aliyekuwa amefika kuchukua maji ya mgonjwa, akapita katikati yao na kuitua ndoo yake mbele ya Annika. "Nitilie," akasema. Wa pili akafuata, kisha wengine.

Bi Marcelina akamvuta Zuleha kando. "Sikuambii ufumbe mdomo, mwanangu. Watu walikusikia haraka ulipokosea, na leo wamekusikia tena. Ila siku ile ulikuwa hatua chache tu kutoka kwa Annika. Ungemwamkia ukamuuliza, angekujibu, na Gharib asingelazwa. Ukiona usichokielewa, muulize mwenyewe kwanza."

"Nimeelewa, Bi Marcelina."

"Haya, shika chupa. Leo utatusaidia."

Zuleha akaishika kwa mikono miwili. Ndoo zilipoanza kusogea, alimtaja kila mama kwa jina lake, na safari hii alitaja kwa sauti.