Bei Sawa, Mshindi Mmoja

Demetria anaoka mikate ya kuuza nyumbani kwake Madale. Anatumia jiko la mkaa. Mara nyingi mikate inaungua chini, na juu bado mibichi.

Jioni moja mumewe, Leodegar, ambaye ni karani wa ghala, alirudi na habari. Hoteli moja ilikuwa inafungwa. Vitu vyake vinauzwa kwa mnada wa mtandaoni, na kuna oveni kubwa ya gesi.

"Uwezo wetu ni laki sita," Demetria alisema. "Tusipite hapo. Weka bei leo."

"Tulia, Mama Gibson. Mie nasubiri dakika za mwisho. Nikiweka mapema nitawaamsha wengine."

Siku ya mwisho bei ilisoma laki tano. Mnada ulipokaribia kufungwa, Leodegar aliandika laki sita. Bei ikapanda palepale hadi laki sita. Akatabasamu. Kisha simu ikaandika: Hukushinda.

"Nani amenipita?" aliuliza. Lakini hakuna aliyempita. Bei ilibaki ileile, laki sita.

Kesho yake aliona oveni ile ikishushwa kwenye duka la Kulsumbai, mama mtu mzima anayeuza keki na sambusa pale Tegeta. Watu wanamwita Mama Juzer. Leodegar hakumuuliza kitu. Alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la mtaa.

"Mama Juzer kachukua oveni yangu kwa wizi. Bei yake na yangu ni sawa, kapewa yeye. Hawa Wahindi wanajuana na dalali."

Watu wakadakia. Mmoja akaandika kwamba hanunui tena sambusa pale.

Demetria aliusikia ujumbe huo sokoni, kwenye simu ya mteja wake. Sauti ya mumewe aliijua. Alirudi nyumbani moja kwa moja.

"Ulimuuliza kabla ya kumwita mwizi?" alisema.

Leodegar alitikisa kichwa.

"Basi twende tukamuulize."

Walimkuta dukani, peke yake. Keki zilikuwa zimejaa kabatini.

"Shikamoo, mama," Leodegar alisema.

"Marahaba. Kaeni."

Mama Juzer hakugomba. Alitoa simu yake akawaonyesha.

"Mimi niliweka laki sita tangu Jumatatu. Hiyo ndiyo bei yangu ya mwisho. Mtandao hauwaonyeshi watu. Unanipandishia kidogo kidogo, kila mwenzangu anapoweka yake. Ndiyo maana wewe uliona laki tano."

"Na mie nikaweka laki sita," Leodegar alisema polepole.

"Tukalingana. Kwenye mnada ule, bei zikilingana anachukua aliyetangulia kuweka. Imeandikwa kwenye masharti. Uliyasoma?"

"Sikuyasoma, mama. Nilibonyeza tu kwamba nakubali."

"Soma kwanza, maana kila mnada una masharti yake. Kisha weka bei yako ya kweli, na uiweke mapema. Ukingoja mwisho, unayelingana naye atakuwa ameshakutangulia."

Akafuta meza ambayo haikuwa chafu.

"Na lile neno la Wahindi, nalo nimelisikia kundini. Mimi nimezaliwa Temeke, mwanangu. Mume wangu amezikwa hapa hapa mjini. Ungekuja tu kuniuliza."

Leodegar alitazama sakafu. Alitamani Demetria aseme chochote, lakini mkewe naye alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nimekukosea, mama. Nisamehe."

"Nimekusikia. Lakini ulinisema mbele za watu."

Usiku ule alirekodi ujumbe, akaufuta. Akarekodi tena. Mwishowe akautuma: "Mie Leodegar. Mama Juzer si mwizi. Tulilingana bei, yeye alitangulia. Sikusoma masharti. Na nilitukana watu wasionikosea kitu. Naomba radhi kwake na kwenu."

Baadaye Mama Juzer akaandika: "Yameisha."

Kwa Leodegar hayakuisha upesi. Kila alipopita mbele ya duka lile alijikaza kusalimia, na kila mara sauti ilimtoka ndogo.

Miezi ikapita. Shule moja ya bweni ikatangaza mnada wa vyombo vya jikoni, na oveni ikiwemo. Safari hii Leodegar na Demetria walikaa pamoja, wakasoma masharti yote. Bei zikilingana, wa kwanza ndiye anayechukua. Wakaweka uwezo wao wote siku ileile, laki sita na nusu.

Siku ya kufunga, dakika za mwisho, bei ikaruka hadi laki sita na nusu. Mtu mwingine alikuwa amelingana nao. Simu ikaandika: Umeshinda.

Demetria alipiga makofi. Leodegar hakupiga.

"Huyo mwenzetu, sasa hivi anasema tumemwibia," alisema.

"Akija, tutamkaribisha akae," Demetria alisema. "Na wewe ndiye utakayemweleza."