Kompyuta ya Dirishani

Harufu ya maziwa yaliyoungua ndiyo iliyotangulia, na maktaba ile haikuwa na jiko. Torunn, mkutubi, alifungua madirisha, baridi ikaingia, harufu isitoke. Ilitoka kwenye kompyuta ya dirishani, mojawapo ya zile za watu wote.

Wiki hiyo hiyo mkurugenzi Steinar alikuwa ameamuru programu ya zamani iondolewe. Imestaafu, alisema, hata walioitengeneza wameitupa. Imestaafu, kama vile shetani naye hustaafu. Miaka yote programu hiyo ndiyo iliyozirudisha mashine zile kama zilivyokuwa siku ya kwanza: watu wachafue wanavyotaka, ukizima na kuwasha, yote yamefutika. Kumbe si uchafu wa watu tu. Kulikuwa na kitu kikiingia kila siku na kuoshwa kila asubuhi kabla hakijaota mizizi. Sasa kikalala humo, kikaamka, kikanenepa.

Eldrid, binti wa Torunn, alikuwa akifanya kazi za shule kwenye kompyuta hiyo ya dirishani akimsubiri mama yake. Alasiri moja, giza la Desemba limeshatanda, Torunn akamwita waende nyumbani. Mtoto akafungua mdomo, pasitoke kitu. Sauti yake ikatokea kwenye kompyuta.

"Mama, huku kuna baridi."

Oddvar, fundi, alifika na diski yake ya zamani yenye programu ile, theluji ikingali mabegani.

"Nilimwambia yule mpumbavu," alinong'ona. "Nikamwambia, Steinar, usiguse kisichokusumbua. Akanicheka mbele za watu."

"Utamtukana baadaye. Nirudishie mwanangu."

Oddvar akaingiza diski, na huku harufu ikiwakaba koo, na vioo vikitiririka jasho, na kompyuta zote chumbani, hata zilizozimwa, zikiita mama, mama, kwa sauti ile moja ya mtoto, akaiweka programu, akaifunga kwa neno la siri, akazima. Kukawa kimya. Harufu ikakatika.

Akawasha.

"Mama, huku kuna baridi."

Oddvar akaketi sakafuni. Kila fundi wa mashine hizi anajua: safisha kwanza, ndipo ufunge. Programu ile hulinda ilichokikuta, kiwe kizuri kiwe kibaya.

"Nimekifungia ndani," alisema.

"Basi fungua."

Akaandika neno la siri aliloliweka sasa hivi. Mashine ikalikataa. Akaliandika tena, ikalikataa.

"Labda tuivunje, Torunn."

"Uivunje na sauti ya mwanangu imo humo? Thubutu."

Steinar alipandishwa cheo. Laana imfuate huko huko.

Eldrid sasa ni mrefu kumpita mama yake, na hajasema neno tangu siku ile. Kila asubuhi kabla wasomaji hawajafika, wanasimama wawili mbele ya kompyuta ya dirishani, wameshikana mikono, na Torunn anaiwasha. Sauti bado ni ya mtoto.

"Mama, huku kuna baridi."

"Najua, mwanangu. Niko hapa."

Kisha anaizima, na kesho yake mtoto anaita tena, kama ambaye hajawahi kujibiwa.