Malalamiko ya Gudrun Bramsen

Malalamiko ya kwanza yaliingia Jumatatu asubuhi, na wala hayakuwa ya kutisha. Mwanamume mmoja wa Aalborg aliandika kwamba sauti ya ramani kwenye simu yake ilikuwa inakohoa. Haikwami, wala haikatiki. Inakohoa, akasema, kama mtu aliyepaliwa na maji, ndipo inamwambia apinde kushoto.

Solvej Damkjær alisoma, akanywa funda la kahawa, akambandikia jibu namba mbili: tafadhali sasisha programu, zima simu kisha uiwashe, hakikisha umeiruhusu kujua mahali ulipo. Ofisi yao ndogo mjini Ribe ilitengeneza programu ya kuonyesha njia, na Solvej ndiye aliyekalia dawati la msaada. Majibu yalikuwa kumi na moja, yameandikwa tayari, na kwa miaka sita hakuwahi kuhitaji la kumi na mbili. Mimi nilifanya kazi ghorofa ya chini ya jengo hilohilo, kwa hiyo simsingizii. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwepesi wa mikono, na mzito wa kusikiliza.

Kufikia Jumanne malalamiko yalikuwa kumi na tisa. Mama mmoja wa Bergen aliomba njia ya kwenda kwa daktari wa meno, akapewa safari ya siku mbili. Dereva wa lori huko Vienna alitaka ghala lililo mtaa wa pili, naye akaambiwa aelekee kaskazini mpaka asikie bahari. Popote walipoanzia, mstari wa buluu uliwaleta pwani yetu, ukavuka tuta linalozuia bahari, ukashuka mchangani na kuishia kwenye nukta moja pasipo na nyumba wala mti.

"Ni seva hiyo," Solvej alisema.

"Seva haina neno," akajibu Preben Ravnholt, mkuu wa wahandisi, mtu wa ndevu nyekundu ambaye katika maisha yake hakuwahi kuogopa kitu kinachoweza kuzimwa. "Nimeizima mara tatu. Nimerudisha ramani ya mwezi uliopita, nimerudisha hata ya mwaka juzi. Nukta ipo palepale."

"Basi futa nukta."

"Unadhani sijafuta?"

Ukimwambia Mdenmark kwamba ofisini kwake kumeingia jini, atakuuliza limepita mlango upi na nani aliuacha wazi. Kwa hiyo hakuna aliyetamka neno hilo. Walisema hitilafu. Jumatano harufu ya mwani uliooza ilipoanza kutoka kwenye droo ya simu za majaribio, wakasema bomba la choo. Alhamisi Preben aliinua simu moja kutoka kwenye droo, maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Aliyaonja kwa ncha ya ulimi, mjinga yule, kisha akairudisha simu taratibu na kwenda kunawa mikono kwa muda mrefu.

"Ni ya chumvi," alimnong'oneza Solvej. "Simu ilikuwa imezimwa, Solvej. Haina hata betri. Na inaongea."

"Inasema nini?"

"Inasema, je, umejaribu kuizima na kuiwasha?"

Solvej akarudi kwenye kiti chake. Alikuwa ameshaona kitu asubuhi ile, na hakumwambia mtu. Kwenye orodha yake, juu kabisa, palikuwa na malalamiko ya mwezi Novemba aliyokwisha kuyafunga. Yalikuwa yamejifungua. Mwandishi wake alikuwa Gudrun Bramsen, muuguzi wa kutembelea wagonjwa katika kisiwa cha Langsand.

Kwenda Langsand hakuna daraja. Kuna barabara ya changarawe juu ya mchanga, na bahari huifunika mara mbili kwa siku, maji yanapojaa. Wenyeji hujua saa za maji kabla ya kujua kusoma. Programu haikujua, kwake barabara ilikuwa wazi saa zote. Gudrun aliandika kuwaambia hivyo, akapewa jibu namba mbili. Akaandika tena: nimesasisha, nimezima, nimewasha, na bahari bado inajaa. Akapewa namba tano, linalowashukuru wateja kwa uvumilivu. Akaandika mara ya tatu kwamba siku moja mtu atakufa. Akapewa namba mbili tena.

Ijumaa moja ya Novemba, familia ya watalii iliifuata ramani mpaka katikati ya mchanga, maji yakawakuta. Gudrun aliwaona kutoka kisiwani, akawafuata kwa gari lake, akawatoa wote wanne na kuwasukuma mbele hadi kwenye tuta. Yeye alibaki nyuma. Gazeti lilisema hakuna aliyejua alifanya nini dakika zake za mwisho, na mwili haukupatikana.

Lakini Solvej alijua. Saa tisa na dakika hamsini mchana ule Gudrun alituma ujumbe wa nne, kwa sababu simu yake ilikuwa inakataa kupiga, na dirisha lililokuwa wazi mbele yake lilikuwa la dawati la msaada. Na ofisi ile, kama ofisi nyingi za huku, Ijumaa saa kumi hufungua bia. Wao walikuwa na sheria moja: bia haifunguliwi mpaka orodha ya malalamiko isome sifuri. Wenzake walikuwa wamesimama nyuma ya kiti chake na chupa mkononi, wanahesabu kwa sauti kama watoto: matatu, mawili, moja. Solvej akabonyeza. Imetatuliwa. Wakapiga makofi.

Jumatatu iliyofuata alisoma gazeti, akaunda folda isiyo na jina na kuuficha ujumbe ule humo. Tangu hapo alikula, akalala, akacheka. Hilo ndilo linaloniuma mimi, kwamba alilala.

Sasa ilikuwa Ijumaa nyingine, Februari, ukungu umekaa mjini tangu asubuhi. Bia zilikuwa mezani, hakuna aliyezigusa. Orodha ilikuwa na malalamiko mia nne na kila Solvej alipofunga moja yalifunguka mawili. Saa tisa kasorobo mumewe akampigia.

Esben alikuwa msafisha mabomba ya moshi, mzaliwa wa Odense, mtu wa mjini, asiyejua kupwa wala kujaa. Wiki ile alikuwa amepewa vijiji vipya.

"Mpenzi, hii ramani yenu imelewa," alisema. "Nilikuwa naenda kwa mzee mmoja kijiji cha Hviding. Sasa nipo sijui wapi. Sioni hata boneti."

"Chini kuna nini?"

"Chini? Lami iliisha kitambo. Ni mchanga mchanga hivi. Kuna madimbwi."

Solvej alisimama, kiti kikaanguka. "Geuza gari, Esben. Geuza sasa hivi."

"Nimejaribu. Nyuma ndiyo kuna maji zaidi." Akashusha sauti. "Solvej, huyu mama wa kwenye ramani ana mafua au nini? Anapumua masikioni mwangu."

Preben alikuwa ameshafungua jedwali la maji. Alimwonyesha Solvej kwa kidole. Bahari ilikuwa imeanza kujaa nusu saa iliyopita.

"Zima programu," Solvej alisema, na sauti yake ilikuwa ileile ya kazini, maana hakuwa na nyingine. "Bonyeza kitufe cha pembeni, uhesabu mpaka kumi."

"Nimezima. Bado inaongea."

"Toa chaji. Kataza isijue mahali ulipo."

"Inajua," alisema Esben polepole. "Solvej, inaniita kwa jina. Inasema Esben Damkjær, tunakushukuru kwa uvumilivu wako."

Hapo simu zote za ofisini, za mezani na za mifukoni, zilizowashwa na zilizolala droo bila betri, zilikohoa kwa pamoja, kikohozi kirefu cha kifua kilichojaa maji, na harufu ya mwani ikapanda kutoka sakafuni mpaka watu wakaziba pua, na katika ile harufu sauti ya mwanamke aliyechoka, wala si ya hasira, ikamuuliza Solvej kama kuna jambo lingine lolote angeweza kusaidiwa leo.

"Mwache mume wangu," Solvej akanong'ona. "Hajakufanyia kitu."

"Je, umejaribu kusasisha?"

"Nakuomba. Tunasikitika sana kwa yaliyotokea, kampuni nzima inasikitika..."

"Maji yamefika mlangoni!" Esben alipiga kelele kwenye spika. "Yanaingia, Solvej, yanaingia miguuni."

"Kampuni haikuwa na ujumbe wangu," ilisema sauti. "Nani alikuwa nao?"

Solvej aliwatazama wenzake, wale waliohesabu matatu, mawili, moja. Hakuna aliyemsaidia. Wengi hawakujua hata anaulizwa nini.

"Mimi," alisema. "Aliandika yuko juu ya paa la gari. Aliandika maji yamefika kwenye vioo, na simu haipigi, tumwitie watu wa uokoaji. Niliusoma wote. Nimekulia pwani hii, barabara ile naijua, najua maji yanakuja haraka kiasi gani. Nilijiambia huyu anatia chumvi ili ajibiwe. Lakini nilijua ni kweli, na ilibaki dakika kumi tufungue bia. Nikaufunga. Halafu nikauficha."

Preben alikaa chini pale pale sakafuni.

Solvej alisikia maji yakigonga vyuma upande wa pili wa simu, na meno ya mumewe yakigongana, na pumzi yake mwenyewe. Kisha sauti ikasema, "Uje unipokee." Na ikamgeukia Esben, ikamwambia ashuke, atembee kulia hatua mia tatu, asisimame.

"Nimsikilize?" Esben aliuliza.

"Msikilize," Solvej alisema, huku analia. "Fanya kila anachosema."

Alisikia mlango ukisukumwa, kishindo cha mwili majini, hatua nzito. Baada ya hatua hamsini hivi Esben akasema kwa sauti ndogo sana: "Kuna mtu amenipanda mgongoni."

Pwani ile ina habari hizo tangu zamani, na nyanya yake Solvej alikuwa akizisimulia huku anamenya viazi. Aliyezama asizikwe hurukia mgongo wa aliye hai ili abebwe mpaka makaburini. Kadiri unavyokwenda ndivyo anavyokuwa mzito. Usigeuke umtazame, usimtue njiani. Ukimfikisha langoni pa kanisa atashuka mwenyewe, na mtaachana salama.

"Usigeuke," Solvej alimwambia mumewe. "Usimtue. Nakuja."

Aliendesha gari hadi barabara ya Langsand ndani ya ukungu akitegemea kumbukumbu, maana ramani hakuithubutu tena. Kwenye tuta aliacha taa zikiwaka na kushuka mpaka maji yakamfika magotini. Esben akatokea, ameinama mpaka uso unakaribia maji, midomo ya buluu, mikono imekunjwa nyuma kushikilia kitu ambacho Solvej hakukiona. Aliona tu kwamba koti la Esben lilikuwa limebonyea mabegani, alama za vidole kumi.

"Nipe mimi," alisema, akamgeuzia mgongo.

Baridi ilimwingia mpaka kwenye mbavu. Mikono ikamzunguka shingo, nywele zenye mchanga zikamlalia shavuni, na uzito ukamkalia, uzito wa mtu mzima aliyelowa na nguo zake zote. Esben alianguka kwenye nyasi za tuta akihema, yu hai. Solvej hakusimama kumshika. Alipanda tuta kwa magoti, akaifuata njia ya kanisa, nusu saa nzima, na kila aliposema hawezi tena alisikia kikohozi sikioni akaongeza hatua nyingine, mpaka akalifikia lango la chuma la makaburi na kulisukuma kwa paji la uso kwa kuwa mikono yake ilikuwa nyuma.

"Tumefika," alisema. "Shuka, Gudrun. Nitakuchimbia mwenyewe. Shuka upumzike."

Alisubiri. Ndani ya ukungu kengele ya kanisa ilipiga saa kumi.

"Mumeo nimekurudishia," Gudrun alisema, taratibu, mdomo wake baridi kwenye sikio la Solvej. "Hilo uliomba, umepata. Kushuka sikukuahidi. Nilikaa peke yangu juu ya paa lile nikiangalia simu, nikijua kuna mtu anasoma. Hapa nimepata mtu. Twende nyumbani."

Programu ilipona siku ileile, na nukta ikafutika. Barabara ya Langsand kwenye ramani sasa ina saa za maji, Preben alikesha kuziweka. Solvej aliacha kazi. Esben bado anaishi naye, ila analala chumba cha pili, kwa sababu shuka za Solvej haziishi kulowa.

Mwezi Aprili mgongo ulimzidi, akaenda kwa daktari. Muuguzi, msichana mpole, alimwomba avue viatu apande mizani. Akatazama namba, kisha akamtazama Solvej, mwanamke mwembamba aliyekonda mashavu, akacheka kwa aibu.

"Samahani, mizani hii imeharibika," alisema. "Inasema kilo mia na ishirini na saba. Ngoja nilete nyingine."

"Usihangaike," Solvej alimwambia. "Iko sawa. Andika hivyo hivyo."