Sindano Juu ya Jeneza

"Mzibie njia, Muli!"

Land Rover ilikata mbele ya lori la Bedford. Vumbi jekundu la Salaita likawameza wote. Wakio akaruka chini, Beretta kiunoni, redio mkononi.

Nyuma ya lori, jeneza. Kandokando yake, waombolezaji wakiimba.

"Mnara, nimewapata. Naomba ruhusa nifungue," Wakio aliwaita makao makuu."

"Hakuna ruhusa!" mkubwa wake alifoka redioni. "Asubuhi umefungua la Kaloleni, ukakuta marehemu kweli. Mjane amezimia! Leta ushahidi kwanza. Over."

Wakio akasonya. Injinia Fanuel, aliyejua siri zote za redio za jeshi, alitekwa Voi jana. Habari zilisema atavushwa mpaka wa Taveta ndani ya jeneza. Jeneza lipi, hakuna aliyesema. Akivuka, basi tena.

"Dada, huna adabu," alisema Donald, kiongozi wa msafara, akiitambua lafudhi yake. "Kwenu Werugha mnasimamisha maiti njiani?"

"Kwetu maiti hazikimbizwi hivi. Zima injini. Shukeni wote."

Muli akapandisha chupa nzito juu ya jeneza. Ndani, kwenye gesi ya heliamu iliyogeuzwa kimiminika, baridi kupita barafu yoyote, ilikaa pete ndogo ya metali ya niobi. Ikipoa hivyo, umeme hupita bila kizuizi, na pete husikia hata mnong'ono wa umeme wa moyo wa mtu.

Shida, ilisikia kila kitu.

Wakio akapanda na kisanduku cha kipimo, kilichounganishwa na chupa kwa waya. Sindano yake ikacheza kama kichaa.

"Toa betri ya lori!"

Ikacheza.

"Muli, hiyo saa yako ya Seiko!"

"Aki Wakio, nimeinunua juzi tu." Akaitupa vichakani.

Heliamu ilifuka, ikiisha. Wakio alitaka kulia kwa hasira.

Mara sindano ikatulia, ikaanza kudunda. Haraka. Sawasawa.

"Yuko hai!"

Kisha akajigusa shingo. Mdundo ule ule.

Moyo wake mwenyewe.

Donald akacheka. "Mashine imekupenda, dada."

Wakio aliuma meno, akamwamuru Muli ashuke na kusogea mbali. Akashuka na kisanduku cha sindano, akivuta waya wake mrefu, akarudi nyuma mpaka waya ukaisha.

Sindano ikalala.

Kimya.

Ikainuka. Ikalala. Kimya kirefu.

Ikainuka tena.

Moyo mzito, wa mtu aliyedungwa dawa ya usingizi.

Donald akapeleka mkono ndani ya koti. Akakuta Beretta inamtazama.

"Jaribu," Wakio alisema. "Leo nimeudhika vya kutosha."

Pingu zikalia. Muli akang'oa misumari, kifuniko kikafunguka. Fanuel alikuwa amepauka, midomo imepasuka, lakini anapumua. Wakio akamwinua kichwa kwenye mkono wake, akamlowesha midomo kwa maji, tone kwa tone, hadi akafumbua macho.

"Ripoti!" redio ikafoka. "Nimesema usifungue bila—"

Wakio akaizima, akatembea zake kwenda kuwasha Land Rover.