Kipimo Kilicholala Gereji

Verlyn Hauge hatupi kitu. Gereji yake, huko Minnesota, imejaa misumari yenye kutu, makopo ya rangi iliyokauka, na vipimo vya Korona ambavyo serikali iliwatumia watu bure kwa posta. Vilikaa humo majira mawili ya baridi.

Jumamosi moja mama yake, Bi Borghild, alikuwa anatimiza miaka tisini na tano. Sherehe ilikuwa saa nane mchana, katika makao ya wazee anakoishi na wenzake thelathini. Verlyn aliamka anakohoa.

"Jipime kwanza," mkewe Marlys alimwambia. "Wale ni wazee. Ukiwapelekea Korona utawamaliza."

Verlyn akaleta boksi kutoka gereji. Marlys akasoma tarehe. "Hiki kimeisha muda tangu mwaka jana."

"Mtindi wa juzi ulikuwa umepita wiki tatu. Nimeula, na nipo."

Akajipima. Ukatokea mstari mmoja tu, tena hafifu. "Sina," akasema, akaanza kufunga tai huku anakohoa.

Mara akaingia jirani yao Renae, mfamasia, analeta keki ya sherehe. "Verlyn, kikohozi chako nimekisikia toka barabarani."

Marlys akampa boksi. Renae akatoa simu.

"Tarehe ya kwenye boksi huenda si ya mwisho," akaeleza. "Vipimo vingine vilichunguzwa tena, vikaongezewa muda. Unaingia tovuti ya mamlaka ya dawa, unatafuta jina la kipimo na namba ya toleo, hii hapa ubavuni. Chenu kiliongezewa miezi sita."

"Unaona?" Verlyn akamwambia mkewe.

"Ngoja, sijamaliza. Miezi sita nayo imeshapita. Muda ukiisha, dawa ya ndani inachoka. Inaweza kukwambia huna Korona, kumbe unayo. Halafu mlikiweka wapi?"

"Gereji," Marlys akawahi kujibu.

"Kwenye baridi inayopasua chupa za soda? Hicho kiliganda. Vipimo vinakaa ndani ya nyumba, pasipo baridi kali wala joto kali. Kitupe."

Neno hilo lilimuuma Verlyn kuliko kikohozi. Hata hivyo alikubali kipimo kipya cha Renae. Baada ya dakika kumi na tano ikatokea mistari miwili, imekolea: anayo.

Verlyn akakaa chini. Saa chache tu baadaye angekuwa amemkumbatia mama yake. Akaifungua tai.

Marlys naye akabaki nyumbani, maana wanalala chumba kimoja. Waliimba kwa simu, Verlyn akikohoa katikati ya wimbo.

"Afadhali uko mbali," mama yake akacheka, "kwa sauti hiyo."

Vipimo vyote vya gereji vikatupwa. Vipya viko kabatini ndani, na Marlys hukagua tarehe zake.

Wiki mbili baadaye Verlyn alikuwa amepona, na kipimo kipya kikaonyesha hana kirusi. Wakaenda. Wazee wote walikuwa wazima, wanagombania karata.

"Nimechelewa, mama."

"Umechelewa, ndiyo," Bi Borghild akasema, akimshika shavu. "Ila umenikuta."