Mzizi Mkuu wa Igawa

Mashine ile haikuwahi kutoa harufu. Huchoma kipande cha mmea chembamba kuliko unywele, nukta baada ya nukta, kisha huchora kwenye skrini ramani ya rangi kuonyesha dawa imejificha wapi ndani ya mzizi. Lakini mchana ule maabara ya Mbeya ilinuka nyama ya kuchoma.

"Gwe Lugano, umeleta nyama humu?" Sekela alimuuliza mumewe, fundi mwenzake.

"Nyama gani? Hebu nikune mgongo, unawasha."

Sekela alipomfunua shati alijishika mdomo. Nukta nyeusi zilijipanga mgongoni mstari juu ya mstari, na nyingine ikatokea mbele ya macho yake ikifuka moshi. Papo hapo nukta mpya ikawaka kwenye skrini.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Bibi Paskalina, mganga wa Igawa, aliwaruhusu kuchukua mzizi wa pembeni tu wa mti wake wa dawa, na shimo walifukie. Lugano akajifanya Mlutheri asiyetishwa na mti, akang'oa mzizi mkuu, huo uliokuwa sasa mashineni, na kuliacha shimo wazi.

Sekela alichomoa waya wa umeme, lakini mashine iliendelea kuunguruma, na Lugano akaanguka akipiga mayowe, mgongo ukimpasuka mstari kwa mstari, damu ikichemka kabla haijafika sakafuni, huku sauti isiyo yake ikicheka kooni mwake. Sekela akampigia Bibi simu.

"Bibi, anakufa!"

"Sema polepole, mwenye mti anasikia," Bibi alinong'ona. "Mmemkata kiungo. Mpe kiungo chako kwa hiari, mwanangu, la sivyo atammaliza huyo."

Sekela alimpenda Lugano kuliko mkono wake mwenyewe. Aliweka kidole cha pete chini ya kisu cha kukatia mizizi, akafumba macho, akakishusha. Vioo vya madirisha vikapasuka vyote, kisha kukawa kimya, na Lugano akavuta pumzi.

Bibi alikifukia kidole pamoja na mzizi kwenye lile shimo, pete ikiwa bado imekaza.

Majeraha yalipopona wakarudi kazini, wakapima jani la mhindi, jani la kawaida tu. Ramani ikajichora taratibu: ukucha, kifundo, pete. Kidole kikakunjuka kwenye skrini, kikakunjika, kikaita.

"Naam," Lugano akaitika nyuma ya Sekela, akaanza kuvua shati.